Sikio la Shahidi wa Saba

Ilikuwa siku ya nane kabla ya katikati ya mwezi wa Oktoba, mwaka wa tano wa Kaisari Vespasiano. Mvua nyepesi ilianza kabla ya kupambazuka, ikakatika, ikaanza tena. Upepo ulitoka baharini, na mjini Ostia hakuna nguo iliyokauka siku hiyo.

Siku ya namna hiyo humkondesha dobi. Lakini Hedisto alikuwa amesimama ndani ya beseni lake la mawe, mkojo uliochanganywa na maji na udongo mweupe, sabuni ya madobi wa huko, ukimfika kwenye vifundo vya miguu, anakanyaga nguo za watu huku akiimba. Sauti hana. Mkewe Thalusa, aliyekuwa akichana sufu ya joho kwa brashi ya miiba, alivumilia mpaka akachoka.

"Mume wangu, hiyo mvua imeshakimbia mara mbili kwa ajili yako."

"Iache ikimbie. Leo mwanangu ana mwaka mzima."

"Na mwanao amelala. Ukimwamsha utamnyonyesha mwenyewe."

Mtoto mwenyewe, Optata, alikuwa ndani ya kapu la nguo safi, ngumi moja mdomoni. Hedisto akashusha sauti, lakini kuimba hakuacha.

Hedisto hakuzaliwa Ostia. Alishushwa kutoka melini akiwa na miaka mitano au sita, akitokea upande wa Shamu, miguu yake imepakwa chokaa ili wanunuzi wajue kwamba ni mtumwa mgeni wa ng'ambo. Mzee Satrio, dobi mwenye kiwanda karibu na lango la kuelekea Roma, alimnunua kwa sababu alikuwa na nyayo kubwa kuliko umri wake. Mzee aliyasema hayo mwenyewe mara nyingi, akicheka: "Mimi nilinunua miguu tu. Mtoto alikuja bure juu yake." Kwa miaka ishirini Hedisto alikanyaga nguo za mji mzima. Mzee alimpiga mara mbili tu katika miaka hiyo yote, na Hedisto alizikumbuka zote mbili pamoja na sababu zake.

Kisha ukaja usiku mmoja wa sikukuu za Disemba, zile ambazo mabwana huwapakulia watumwa wao chakula. Mzee Satrio alikuwa ameshika upawa wa maharagwe. Aliujaza, akamimina kwenye bakuli la Hedisto, halafu akasema mbele ya rafiki zake wote waliokuwa mezani, "Hedisto, tangu leo wewe ni mtu huru." Upawa ulikuwa bado unachuruzika. Mwaka uliofuata, akiwa kitandani mgonjwa, alimwambia Thalusa maneno yaleyale.

Walikuwa huru, lakini hawakuwa raia. Mtu aliyeachwa huru kabla ya kutimiza miaka thelathini, au kwa neno la mdomo tu bila hakimu kumgusa kwa fimbo ya kumweka huru, sheria ilimpa nusu ya kitu. Angeweza kufanya kazi yake, kupanga nyumba, kuishi na mke. Lakini siku akifa, alikufa kama mtumwa. Wosia hakuruhusiwa kuandika, na kila alichokiacha kilirudi kwa aliyekuwa bwana wake, au kwa watoto wa huyo bwana. Mzee Satrio alikusudia kulirudia jambo hilo mbele ya hakimu, Hedisto akifika thelathini. Akafariki mwaka mmoja kabla. Hedisto hakumlaumu hata siku moja. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wafu, alimpelekea maua kaburini na mkate uliolowekwa kwenye divai.

Haki za mzee zikaangukia kwa mwanawe. Satrio mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuchukua kilicho chake. Hedisto alikuwa sasa na mabeseni matatu, shinikizo la kunyooshea nguo, na wateja wa mitaa minne. Siku Hedisto atakayokata roho, Satrio mdogo angekuja na karani wake aandike kila kitu mpaka kitanda, na Thalusa angetoka mlangoni na mtoto mkononi.

Ila sheria iliacha upenyo mmoja, na kila mtu wa hali yao aliujua kama anavyolijua jina lake. Mwanamume aoe mbele ya mashahidi saba, wote watu wazima, wote raia, aseme kwa kinywa chake kwamba anamwoa huyu ili apate naye watoto. Mtoto akizaliwa na kutimiza mwaka mmoja, apelekwe Roma kwa hakimu mkuu. Hakimu akiridhika, baba, mama na mtoto wanakuwa raia kwa siku moja.

Hedisto na Thalusa waliyasema maneno hayo Januari moja, karibu miaka minne iliyopita, hapohapo kiwandani kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliishi miezi kumi na moja na siku kumi na moja. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Optata alizaliwa baada ya hapo, kwa uzazi mgumu, na mkunga alimwambia Thalusa kwa upole kwamba huyu ndiye wa mwisho.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua Hedisto alikuwa na haki ya kuimba.

Alasiri akaja Kerdo, fundi viatu wa mtaa wa pili. Huyu alikuwa rafiki wa Hedisto tangu wote wawili ni watumwa wadogo wanaoibiana tini. Alikuwa pia mmoja wa mashahidi wale saba. Muhuri wake ulikuwa wa mwisho kwenye vibao vya nta vya ndoa yao. Alisimama mlangoni, maji ya paa yakimdondokea begani, wala hakuingia.

"Ingia, shemeji, unalowa," alisema Thalusa.

"Nalowa vizuri tu hapa."

"Kerdo!" Hedisto aliita kutoka kwenye beseni. "Umeleta vile viatu vya binti yangu, au ulinidanganya?"

Kerdo akatoa kifuani jozi ya viatu vidogo vya ngozi nyekundu, kila kimoja hakizidi urefu wa kidole. Akamkabidhi Thalusa. "Vipokeeni kwanza," alisema, "halafu mtanifukuza."

"Tukufukuze kwa lipi? Umekunywa?"

"Ningekuwa nimekunywa ningesema jana." Akamgeukia rafiki yake. "Mimi si raia, Hedisto."

Hedisto alicheka. Alikuwa peke yake katika kucheka, akaacha.

Kerdo akaeleza, macho yake kwenye sakafu. Bwana wake wa zamani, mfanyabiashara wa ngozi, alimwacha huru kwa utaratibu kamili, hakimu na fimbo, akitajwa kuwa na miaka thelathini. Nani angebisha? Mtoto aliyeletwa na meli hana mama wa kuulizwa alizaliwa lini. Ila bwana huyo alifariki katikati ya kiangazi, na warithi walipogawana mali walifungua sanduku la karatasi. Ndani wakakuta hati ya kumnunulia Kerdo: mtoto wa miaka minane, mzima, si mtoro, na mwaka wa mauzo umeandikwa. Walipojumlisha, aliachwa huru akiwa na miaka ishirini na minane.

"Kwa hiyo mimi ni kama wewe tu," alisema Kerdo. "Miaka yote hii navaa toga ya raia kwenye sherehe, natia muhuri hati za watu, kumbe ni kama wewe."

Thalusa alikuwa ameshika kiatu kimoja. "Umejua lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili! Na ukashindwa kunyamaza siku mbili zaidi? Keshokutwa tunakwenda Roma, Kerdo! Keshokutwa! Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hati ilisomwa kwa sauti, shemeji. Na aliyekuwa amekaa karibu na sanduku ni Satrio mdogo, rafiki wa warithi." Kerdo alijipangusa uso, na haikujulikana kama ni mvua. "Angenyamaza mpaka siku Hedisto anakufa. Siku hiyo angesema mashahidi walikuwa sita. Sita si saba. Ndoa ile mbele ya sheria ingekuwa hewa, na wewe na mtoto mngetolewa nje wakati hakuna tena wa kuwatetea. Nimelala na jambo hili siku sitini. Mwenzangu Hilara ana mimba ya miezi mitano, na mtoto huyo naye nimemharibia. Nipigeni tu."

Hedisto akatoka kwenye beseni bila kusuuza miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Akakaa ukingoni. Mashahidi sita. Wakianza upya itabidi wapate saba wengine, waseme maneno upya, wazae upya, wasubiri mwaka upya. Alimtazama Thalusa, kisha kapu. Hapakuwa na mwingine wa kuzaliwa.

"Hatukupigi," alisema mwishowe. "Kaa chini, unamwagia maji joho la mtu."

Optata aliamka, akaona viatu vyekundu, akaanza kukitafuna kimoja.

Thalusa akageukia mlango. "Siku ile," alisema polepole, "nani alikuwa amesimama pale alipokuwa amesimama Kerdo sasa hivi? Mlangoni."

"Siku gani?"

"Siku yetu. Yule aliyekuwa anagomba."

Hedisto akaanza kukunja uso, kwa maana jina hilo halikutajwa kwa wema katika nyumba yao. "Rubreno mnadi."

"Alifuata toga yake haijakauka, ukamwambia asubiri. Akasubiri huku anatukana. Na wewe ukapita unawashika watu masikio."

Hapo wote watatu wakakumbuka. Desturi ni kwamba anayetaka mwenzake awe shahidi wake humshika ncha ya sikio na kumwambia, "Kumbuka," kwa kuwa kumbukumbu hukaa hapo. Siku ile Hedisto, kwa furaha, alitoka moja kwa moja kwenye beseni akapita kwenye mstari wa rafiki zake, sikio baada ya sikio, mkono ukiwa bado unachuruzika. Wenzake walipiga kelele na kucheka. Mwisho wa mstari palikuwa na sikio la nane, na mkono wake ukalishika kabla akili haijauliza ni la nani. Rubreno alipiga ukelele uliosikika bandarini. Hakukanyaga tena kiwandani kwao, na kila alipopata wasikilizaji alisimulia jinsi dobi alivyompaka mkojo sikioni.

"Hakutia muhuri," alisema Kerdo, lakini tayari amesimama.

"Muhuri ni wa kuthibitisha," alisema Thalusa. "Kuitwa ni kule kushikwa sikio. Na yule kazaliwa huru, babu yake kazaliwa huru, hachoki kutuambia."

"Atanirushia mawe," alisema Hedisto.

"Basi atakurushia. Kesho asubuhi unakwenda."

Kesho yake mvua ilikuwa ileile. Rubreno alikuwa chini ya nguzo za uwanja wa soko, juu ya jiwe lake, ananadi vyombo vya marehemu fulani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Hedisto alisimama nyuma ya umati, akainua mkono kumpungia.

"Dobi anaongeza!" alinguruma Rubreno. "Dobi anakitaka kitanda! Jamani, kuna wa kumwokoa marehemu?"

Watu wakaangua kicheko. Hedisto akaushusha mkono, akangoja mpaka kitanda, masufuria na nyumbu mmoja mzee vikapata wenyewe, umati ukatawanyika. Akasogea.

"Simama hapohapo!" alisema Rubreno. "Upepo unatoka kwako. Na mikono, nyuma. Nyuma, nione."

Hedisto akaweka mikono nyuma, na mazungumzo yote yaliyofuata aliyafanya hivyo, kama mtu aliyefungwa.

"Bwana Rubreno, nimekuja kuomba radhi kwa habari ya sikio."

"Baada ya miaka minne! Unajua nilioga mara ngapi siku ile? Tatu. Unajua nilikwenda kunadi shehena nzima ya ngano nikiwa na toga mbichi mgongoni? Nilikohoa mpaka Machi. Mke wangu alilala chumba kingine."

"Najua, bwana. Mji mzima unajua."

"Vizuri. Basi sikuchoka bure."

"Je, maneno niliyoyasema siku ile uliyasikia?"

"Niliyasikia?" Rubreno alimtazama kama ametukanwa upya. "Mimi nakula kwa maneno, dobi. Ulisema, 'Mimi Gayo Satrio Hedisto ninamtwaa Thalusa kuwa mke wangu ili nipate naye watoto, nanyi nawaita kuwa mashahidi.' Kisha ukakohoa. Kisha ukanipaka uchafu. Nilijiambia, haya, huyu naye anataka kuongeza wanaonuka duniani."

Hedisto akamweleza yote: Kerdo, hati ya mauzo, Satrio mdogo, hakimu, kesho. Hakupamba. Mnadi alisikiliza akiwa anakunja kamba yake.

"Na mimi nije Roma kwa mvua hii kwa sababu gani?"

"Huna sababu, bwana. Mwenye sababu ni mimi."

Rubreno akaendelea kukunja kamba. "Mkeo siku ile alinipa kikate cha asali," alisema. "Nilikuwa namtukana, akanipa kikate. Nikakila, maana nilikuwa na njaa. Nilisikia mlizika mtoto."

"Tulimzika, bwana."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Miezi kumi na moja. Na siku kumi na moja."

Kamba ilikuwa imekwisha kukunjwa, lakini Rubreno aliifungua akaikunja tena. "Mbele ya hakimu mkuu siendi na nguo hii," alisema kwa hasira, kama vile Hedisto ndiye aliyemvika. "Toga yangu iko nyumbani, chafu, yule dobi wangu wa sasa anaila kingo. Nenda ukaichukue. Iwe nyeupe. Na dobi," akamnyooshea kidole, "iwe kavu."

Toga ni vazi la sufu refu kuliko chumba cha maskini, na siku ile hata leso isingekauka. Hedisto aliikanyaga mwenyewe, akaisuuza mara nne, Thalusa akaifukiza moshi wa madini ya kiberiti mpaka ikang'aa. Kisha wakaipeleka kwa mwoka mikate jirani, mmoja wa wale mashahidi sita, aliyewapa ukuta wa nyuma wa tanuri lake. Hedisto alishika upande mmoja, Kerdo mwingine, wakawa wanaigeuza na kuisogeza, jasho likiwatiririka, huku mwoka mikate akipita na kuwauliza kama wanataka na chumvi. Kabla ya giza kuingia Hedisto aliweka shavu lake kwenye kila mkunjo, kuanzia pindo hadi pindo. Ilikuwa kavu.

Walitoka Ostia alfajiri kwenye gari la nyumbu lililobeba chumvi: Hedisto, Thalusa na mtoto, na Rubreno amejifunika ngozi ya kondoo juu ya toga, hataki kuguswa. Kerdo naye alipanda.

"Wewe wa nini?" aliuliza Thalusa, lakini si kwa ukali. "Wakijua ulikuwa unajiita raia watakutia matatani."

"Nikijificha, watasema Hedisto ndiye aliyenificha," alisema Kerdo. "Nipeni mtoto, nyie mmechoka."

Katika uwanja mkuu wa Roma walisubiri kwenye foleni mpaka karibu adhuhuri. Nyuma ya nguzo moja Hedisto alimwona karani wa Satrio mdogo, amefungua vibao vyake, tayari kuandika. Hakusema kitu kwa Thalusa.

Hakimu mkuu alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alivunja mihuri, akasoma hati ya ndoa, akatazama mtoto.

"Ana mwaka?"

"Alitimiza majuzi, mheshimiwa."

"Mashahidi saba, wote raia?"

Kerdo akapiga hatua mbele kabla Hedisto hajajibu. "Sita, mheshimiwa. Wa saba ni mimi, na mimi siye raia. Nilidhani ni raia. Hati iliyoonyesha umri wangu ilifunguliwa miezi miwili iliyopita. Tangu siku hiyo toga yangu iko sandukuni."

Hakimu akainua macho. "Nisingejua kama usingesema."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Andikeni kwamba amesema mwenyewe, na kwamba alikosea bila hila." Akamgeukia Hedisto. "Lakini sita hawatoshi."

Thalusa alikuwa amemkumbatia Optata kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alianza kulia. Ndipo Rubreno akavua ngozi yake ya kondoo, toga ikametameta, akasimama kama yuko juu ya jiwe lake.

"Yupo wa saba, mheshimiwa. Publio Rubreno, mnadi wa Ostia, nimezaliwa huru na baba aliyezaliwa huru. Nilikuwepo na niliyasikia maneno yote." Akayarudia, neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

"Muhuri wako siuoni hapa. Uliitwa kuwa shahidi, au ulisikia tu kama mpita njia?"

Karani wa Satrio mdogo aliinua kalamu yake.

"Mpita njia hashikwi sikio, mheshimiwa," alisema Rubreno, akainamisha kichwa na kuonyesha mahali. "Mtu huyu alitoka ndani ya beseni la mkojo, akanishika hapa, akaniambia, 'Kumbuka.' Nami nimekumbuka. Nimejitahidi kusahau kwa karibu miaka minne na nimeshindwa. Muulize yeyote Ostia. Muulize kinyozi wangu, wahudumu wa bafu la umma, mke wangu. Wote wanajua kwamba dobi huyu alinishika sikio siku ile, maana sikuwapa nafasi ya kutojua."

Makarani wakacheka. Hakimu hakucheka, ila alifunika mdomo kwa mkono na kuuacha hapo kwa muda.

"Ulikasirika?"

"Nimekasirika mpaka leo."

"Basi wewe si shahidi wa kununuliwa," alisema hakimu. Akauliza kama kuna wa kupinga. Karani wa Satrio mdogo alifunga vibao vyake taratibu, akaondoka. Hakimu akaamuru iandikwe kwamba Gayo Satrio Hedisto, mkewe Thalusa na binti yao Optata, shauri lao limethibitika, na tangu saa ile ni raia wa Roma. Akaita waliofuata kwenye foleni.

Ilichukua muda mfupi kuliko kusuuza shuka. Hedisto alibaki amesimama mpaka Thalusa akamvuta.

Nje ya nguzo, Hedisto alimgeukia Rubreno na kumnyooshea mikono. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Usinishike," alisema Rubreno haraka. "Nimekuona. Usinishike." Kisha akagusa pindo la toga yake. "Ilikuwa kavu," alisema. "Nitakuletea zile nyingine."

Njia nzima ya kurudi, gari sasa likiwa tupu, Hedisto alihesabu watu kwa vidole. Alimtaja Rubreno na sikio lake. Alimtaja mwoka mikate na ukuta wake. Alimtaja mkunga aliyekesha siku mbili. Aliwataja mashahidi watano waliobaki, kila mmoja kwa jina na kazi yake. Alimtaja mzee Satrio na upawa wake wa maharagwe, akasema kwamba sikukuu ijayo kaburi litapata divai nzuri. Alimtaja mwanawe wa kwanza, akasema aliwafanya wawe wazazi. Alipofika kwa Kerdo vidole vilikuwa vimekwisha, akamtazama tu. Kerdo alikuwa amelala, Optata amelala juu yake, kiatu kimoja chekundu kimepotea mahali fulani njiani.

Asubuhi iliyofuata, siku ya tano kabla ya katikati ya mwezi, jua lilitoka. Hedisto hakuingia kwenye beseni kwanza. Alijisuuza miguu na mikono kwa maji safi, akavaa kanzu yake fupi ya kazi, akaenda mtaa wa pili. Kerdo alikuwa amefungua duka, amekaa na soli mkononi, gundi kwenye vidole. Hilara alikuwa nyuma, anachambua dengu, tumbo lake limetangulia.

"Nasikia kuna mtu anataka kuoa kwa utaratibu," alisema Hedisto. "Umeshapata mashahidi wangapi?"

"Hata mmoja. Nilikuwa nangoja pakuche."

"Kumekucha." Hedisto akainama mbele ya kiti cha fundi, akageuza kichwa, akalisogeza sikio lake. "Mimi ni raia mtu mzima. Anza na mimi."

Kerdo alitazama vidole vyake vya gundi, akatafuta kitambaa.

"Acha hivyo hivyo," alisema Hedisto.

Kerdo akamshika sikio, akasema, "Kumbuka." Hedisto akarudi kiwandani, sikio linanata, akaingia kwenye beseni na kuanza kukanyaga. Mkewe alimuuliza kwa nini haimbi. Akaimba.